Fundi wa Giza

Mwaloni Kigoma, mwezi hauhesabiwi kwa tarehe. Wavuvi wa dagaa huhesabu giza: giza hili, giza lililopita, giza lijalo. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu hutandazwa zishonwe, na vijana hupotelea mjini. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, mwalo unaamka. Mwenye deni huomba asubiriwe giza liingie, mwenye harusi huipanga giza likiisha, na mama ntilie hujua lini apike sufuria kubwa na lini atosheke na ndogo. Nimekulia ndani ya kalenda hiyo. Hadi leo, nikiuona mwezi mpevu juu ya maghorofa ya Dar es Salaam, wazo la kwanza linalonijia ni kwamba kule Kigoma, mwaloni Kibirizi, usiku huu watu wamelala majumbani kwao.

Sababu ya kalenda hiyo iko chini ya maji. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini uhai wake umekaa juu juu tu. Ukishuka mita mia moja hivi upande wa kaskazini, au mia mbili upande wa kusini, maji hayana tena oksijeni na samaki hawezi kuishi humo. Kwa hiyo dagaa wote, na migebuka na sangala wanaowawinda, wanaishi katika tabaka jembamba lililoelea juu ya maji yaliyokufa. Mchana dagaa hushuka kwenye kiza cha chini kujificha. Usiku hupanda kuvifuata vidudu vidogo vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Mwezi ukiwaka, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina cha kuwaambia. Giza likikaza, taa moja inatosha kuwaita. Mtumbwi unaweza kuazima na wavu unaweza kukodi, ila giza hakuna wa kukuazima.

Mzee ninayetaka kumsifu hapa ni wa Katonga. Jina lake silitaji, maana mwenyewe haoni kama kuna cha kutajwa. Ujana wake na utu uzima wake ameumalizia kwenye mitumbwi pacha, ile miwili inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukashushwa katikati yake. Hakuwahi kumiliki chombo, wala kuwa nahodha. Kazi yake ilikuwa taa. Matajiri wenye vyombo walimgombea kwa sababu hiyo, na aliyempata alitembea kifua mbele giza zima.

Ukitaka kumjua fundi, mtazame anavyoishughulikia karabai. Mwenye pupa hupiga pampu kabla taa haijapata moto, ikatapika mafuta, moshi ukapanda, kioo kikawa cheusi, na usiku ukaanza kwa matusi. Mzee huanza alasiri, nchi kavu. Anachuja mafuta ya taa kwa kitambaa, kwani tone moja la maji ndani ya tangi laweza kuzima karabai saa nane za usiku katikati ya ziwa. Anazibua tundu kwa sindano. Anakagua utambi, kile kifuko cha uzi ambacho kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu meupe yaliyoshikana, na kuanzia hapo hakivumilii kuguswa hata kwa ncha ya kidole. Safari nzima ya kwenda mahali pa kuvua, mawimbi yakirusha chombo, karabai hizo hukaa mapajani mwake na miguuni pake, naye amezikumbatia huku mgongo wake ukipokea maji yote yanayoruka.

Wakifika, anamimina spiriti kidogo kwenye kikombe cha taa, anawasha kiberiti, anangoja. Hana haraka na pampu. Anainamisha kichwa na kusikiliza mpaka bomba la juu lipate moto wa kutosha, ndipo anapiga mara chache, anaacha, anasikiliza tena. Mwanga hutoka kwanza ukiwa wa njano, halafu unapauka, halafu unakaza, na karabai inaanza ule mvumo wake usiokatika. Miaka mingi huo ndio uliokuwa mlio wa usiku ziwani. Watu waliozeeka kwenye kazi hii husema wakiwa nyumbani usiku wa mbalamwezi usingizi huwaruka kwa sababu hawausikii.

Baada ya hapo hakuna linalofanyika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Wa kwanza kufika ni wadudu wa kuruka, wanaojigonga kwenye kioo na kuanguka. Kisha maji chini ya taa yanaingia vumbi: vidudu visivyo na idadi vinacheza kwenye mwanga. Dagaa wanavifuata hivyo. Mwanzoni huwaoni. Unaona tu kitu cha fedha kikimeta pembeni, kule mwanga unapoishia, kikipita na kurudi. Kijana atasema tayari, tuvute. Mzee atanyamaza. Atanyosha mkono na kuishika kamba ya wavu kwa vidole viwili, macho akiyaelekeza kwingine kabisa, na atakaa hivyo muda mrefu kiasi cha mgeni kudhani amesinzia. Dagaa wakiwa wachache hupita kimya. Wakijaa, uso wa maji huanza kuchemka kidogo kidogo, na mtetemo wao huipanda kamba hadi vidoleni. Wakiruka kwa fujo upande mmoja, migebuka wako chini yao, na atakayevuta wakati huo atapandisha wavu mtupu huku kundi lote limeshatawanyika. Hayo hayakuandikwa popote. Yako kwenye vidole vya watu wachache wanaoendelea kuzeeka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni inayofuata. Dagaa wameshajaa, wamezunguka taa zote za pembeni na ya katikati, na mtu asiyejua angedhani sasa ni wakati wa kuongeza mwanga. Mzee anaanza kuzima. Anaanza na taa ya mbali, anangoja dagaa wake wahamie inayofuata, anazima na hiyo. Hafanyi kwa mkupuo. Mpaka ibaki moja, ile iliyoning'inia juu ya wavu, na ziwa lote lililokuwa jeupe limerudia weusi wake. Kisha anafungua kidogo kirungu cha kutolea upepo, mvumo unashuka, mwanga unarudi kuwa wa njano, unazidi kufifia, na dagaa wanazidi kupanda na kubanana wakiukaribia. Ni kama mama anavyoishusha sauti ya bembea mtoto akianza kusinzia: akinyamaza ghafla mtoto anashtuka, akiendelea kwa sauti ile ile halali. Mzee anaishusha taa mpaka pale ambapo mimi nisingeweza kusema kama inawaka au imezimika. Hapo ndipo anapotamka neno lake la kwanza tangu jioni, nalo ni "Haya."

Wavu unavutwa kutoka makumi ya mita chini, mikono ya watu wote, kwa pumzi moja. Ukikaribia juu, maji yanageuka fedha tupu. Dagaa wa Tanganyika akitoka majini ana rangi zisizokaa. Mgongo una kijani kidogo, ubavu una waridi hafifu, na kabla hujamwonyesha mwenzako zimeshakwisha. Magamba yake hung'oka kwa kuguswa tu. Alfajiri wavuvi hurudi pwani mikono, nguo na nyusi zikimeta.

Kabla ya karabai kulikuwa na moto. Waliotangulia walikwenda ziwani na kuni zao, wakawasha ubavuni mwa mtumbwi, na mmoja wao akasimama na lusenga, ule wavu wa mpini mrefu, akiwachota dagaa walipoufuata mwanga. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, ziwa hili lilikuwa na wavuvi wake na soko lilikuwa na samaki wake. Karabai na mitumbwi pacha vilienea miaka ya 1950, na baada ya hapo lusenga ikaanza kuachwa. Najua kwamba wapo walioilaumu karabai siku hizo nao walikuwa na haki yao. Lakini anayetunza moto wa kuni na anayetunza karabai walikuwa bado ni watu wa ukoo mmoja. Wote wawili walikaa na mwanga wao usiku kucha wakiulisha, wakiupunguza na kuuficha upepo.

Samaki huyu amesafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa wa Tanganyika walichukuliwa wakapandwa katika Ziwa Kivu, na huko leo wanaitwa sambaza. Jioni, upande wa Rwanda na upande wa Kongo, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu hutoka na taa zake, na wapiga makasia huimba wakienda. Miaka michache baadaye, 1967 na 1968, wakapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wanaitwa kapenta. Hayo yananifurahisha. Chakula cha kwetu kimeshibisha watoto ambao hawajawahi kusikia jina la Ujiji.

Ila ladha haikusafiri yote, na hapa niruhusiwe kusema kwa upendeleo wa mtu wa nyumbani. Bibi yangu aliishi Ujiji, na kwake dagaa hakuwa kitoweo cha siku za shida. Alimnunua kwa mwanamke yule yule kila giza, na kabla ya kutoa hela alichukua konzi, akaipeleka puani, akaichanua kiganjani, akawatazama mmoja mmoja. Alitaka walionyooka. Dagaa aliyejikunja, alisema, alilazwa chanjani kwa kurundikwa, na aliyemrundika hakumheshimu. Alitaka tumbo zima na jicho linaloonekana. Akiuma mmoja na meno yakakuta mchanga, alimrudisha mdomoni mwa mfuko, akafunga na kuaga kwa adabu. Wanawake wa mwaloni walimwogopa na kumpenda. Walijua kwamba kuna mtu anayeona walichofanya.

Na walichofanya kilikuwa ufundi wa pili, ambao bila huo usiku mzima wa mzee wa taa ungeoza kabla ya adhuhuri. Dagaa huanikwa jua likichomoza, mmoja mmoja, bila kupandana, kisha hugeuzwa kabla mgongo haujakaza. Anayechelewa kugeuza huwapata wameshikamana na chanja. Anayewahi kuanua huwapata wametoa ukungu wakiwa ndani ya gunia, njiani kwenda Dar es Salaam, na jina la mwalo mzima linaharibika Kariakoo. Msimu wa mvua wanawake hao hulala jicho moja likiwa mawinguni. Nimewaona wakikimbia na maturubai kwa tone moja tu la mvua, wazee kwa wasichana, na hakuna aliyeuliza walioanikwa hapa ni wa nani.

Nyumbani, bibi aliwaosha kwa maji ya uvuguvugu mara moja tu, akawakaanga kidogo mpaka wakalia wanapogongana, halafu akawaingiza kwenye mawese mekundu yaliyokwisha kuiva na kitunguu na nyanya, pilipili moja nzima juu isiyopasuliwa. Ugali ulikuwa wa muhogo. Tulikaa mkekani na hakuna aliyezungumza mpaka sahani ilipoanza kuonyesha maua yake. Sasa nanunua dagaa mjini wameandikwa "wa Kigoma" kwenye kipande cha boksi, nafika nyumbani na kukuta ni wa ziwa jingine kabisa, wamejikunja, wana mchanga. Muuzaji hakunidanganya kwa ubaya. Yeye naye hajawahi kufundishwa kuwatofautisha.

Mabadiliko ya ziwani yenyewe yalikuja polepole kisha yakaja yote kwa pamoja. Taa za betri na za sola zimeiondoa karabai karibu kila mwalo. Siwezi kuzilaani. Mafuta ya taa yaliwamaliza wavuvi. Wapo waliorudi alfajiri na dagaa wa kulipia mafuta tu. Moshi uliingia vifuani, na mlipuko mmoja wa karabai uliweza kumharibu mtu uso maisha yake yote. Taa mpya hazina moshi, hazihitaji spiriti, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuziwasha. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Taa inayoweza kuwashwa na yeyote imewafanya wenye vyombo waamini kwamba haihitaji mtu.

Nilimkuta mzee amekaa na vijana wa chombo kimoja, wakimwonyesha taa zao kwa fahari. Zilikuwa na nguvu kweli. Alizigeuza geuza mkononi kwa adabu, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, inapunguzwa wapi?" Wakamwonyesha swichi: kuwasha, kuzima. Akauliza tena, kwa upole ule ule, na wakarudia jibu lile lile. Hawakuelewa anachouliza. Kwao mwanga ukiwa mwingi ndio bora, na giza ni upungufu wa taa. Sasa kila chombo kinashindana na jirani yake kwa ukali wa mwanga, kwa sababu mwenye taa hafifu dagaa wake huvutwa na wa pili. Wanapotaka kuvuta wanazima kwa ghafla, dagaa wanashtuka na kutawanyika, basi wanafidia kwa wavu mkubwa zaidi na macho madogo zaidi. Wapo wanaotoka hata mwezi ukiwa mpevu. Zamani ziwa lilipumzika kila mwezi, na likizo hiyo haikuhitaji kikao wala askari wa doria. Mbalamwezi ndiyo iliyofunga uvuvi na mbalamwezi ndiyo iliyoufungua, na dagaa, ambaye maisha yake ni mwaka mmoja hivi tu, alipata nafasi yake.

Haki inanitaka niseme kwamba mvuvi hakubeba lawama yote. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamekuwa yakipata joto, na kwamba ziwa lenye joto juu halichanganyiki vizuri. Upepo wa kusini, ambao kila mwaka hulisukuma ziwa na kupandisha rutuba kutoka chini, unakuta tabaka la juu limekuwa jepesi mno, halishikani na la chini. Rutuba inabaki kule kwenye maji yaliyokufa. Vidudu vinapungua, na dagaa pia. Mzee hakusoma utafiti huo, lakini alishaniambia kwamba siku hizi "vumbi" la chini ya taa ni jepesi kuliko la ujana wake. Nilidhani ni macho ya uzee.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ikasimamisha uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Miezi hiyo mitatu ilikuwa migumu kwa watu wasio na shamba. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono, ila naiunga mkono kwa uchungu, kwa kuwa tumelazimika kuandika katika sheria jambo ambalo wazee wetu walikuwa nalo katika mazoea. Sheria inaweza kumzuia mtu asitoke. Haiwezi kumfundisha, akishatoka, lini ashushe taa.

Uvuvi ulipofunguliwa nilimwuliza mzee kama atakwenda. Alikuwa amepewa kazi ya kulinda injini usiku, pale pale pwani, na mwenye chombo alimlipa vizuri kwa heshima ya zamani. Karabai zake mbili amezihifadhi kwa mkewe, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Nikamwuliza kama yupo anayemfundisha. Alisema alikuwepo mmoja, mtoto wa dada yake, kijana mwenye vidole vizuri na masikio mazuri kuliko hata yake. Magiza mawili zaidi angeiva. Kijana huyo yuko Dar es Salaam sasa, anaendesha bodaboda Mbagala. Mzee aliniomba, namba yake ya simu ikinipitia, nimletee, kwani ile aliyonayo haipatikani.